Daftari la faini na dansi: pa kuanzia unapoandika historia ya kikosi cha zimamoto cha kijijini

Swali la msomaji: Ninaishi katika mji mdogo wa mashambani nchini Marekani, na hivi karibuni nimejiunga na kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha hapa. Kikosi kinakaribia kutimiza miaka mia moja, na wenzangu wamenipa kazi ya kuandika historia yake. Nimekabidhiwa daftari za mikutano tangu miaka ya 1920, picha chache na kengele ya zamani. Shida ni kwamba daftari zimejaa faini, madeni na dansi, na moto wenyewe umetajwa kwa mstari mmoja mmoja. Vikosi hivi vilianzaje, na hadithi yake naipata wapi?

Jibu: Ndugu yangu, daftari hizo ni mali. Vipo vikosi vilivyopoteza kumbukumbu zote usiku ambao kituo chenyewe kiliungua, na leo waandishi wake wanaokoteza historia kwenye vipande vya magazeti. Wewe una karibu miaka mia ya mwandiko wa makatibu. Naelewa kwa nini zimekuvunja moyo: ulitarajia moshi na ushujaa, ukakuta fulani katozwa senti 25 kwa kuchelewa. Nakuomba uzisome upya ukiwa na wazo hili kichwani. Moto huwakutanisha watu usiku mmoja tu, na kukipambazuka kila mmoja hurudi shambani kwake. Kinachowageuza majirani kuwa kikosi ni ahadi wanazoandikiana wakati hakuna kinachowaka: nani ataleta nini, nani atalipia, na asiyefika atafanywaje. Zile senti 25 ndizo zilizoifanya ahadi iheshimiwe.

Chimbuko la mtindo huu kwa Marekani linajulikana vizuri. Mwanzoni mwa 1735 Benjamin Franklin, mchapishaji wa gazeti huko Philadelphia, alitoa barua kuhusu hatari ya moto mjini, na humo ndimo ulimotoka msemo wake kwamba wakia moja ya kinga yafaa kuliko ratili moja ya tiba. Tarehe 7 Desemba 1736 yeye na wenzake walianzisha Union Fire Company, chama cha watu 30. Tazama walichoandikiana. Kila mwanachama aweke tayari ndoo kadhaa za ngozi, pamoja na mifuko na vikapu imara, avilete kila moto utokeapo, na wote wakutane mara moja kwa mwezi kuzungumzia habari za moto. Asiyehudhuria alitozwa faini, na fedha za faini zikanunulia pampu, ngazi na kulabu.

Ile mifuko na vikapu inanigusa kila ninapoyasoma masharti hayo. Watu wale hawakujidanganya kwamba wangeweza kuiokoa kila nyumba. Walijua kwamba mara nyingi kazi yao itakuwa kutoa nje godoro, vyombo na nyaraka za jirani kabla paa halijaanguka, kisha kuzuia cheche zisimfikie wa pili. Maombi ya kujiunga yalipozidi, waliwashauri waombaji waunde chama chao wenyewe, na kwa njia hiyo kila mtaa ukapata kikosi chenye katiba yake. Weka katiba ya kikosi chako kando ya masharti hayo ya 1736. Usishangae ukikuta mambo yaleyale: idadi ya wanachama, mkutano wa mwezi, faini, na orodha ya vifaa ambavyo kila mmoja anawajibika navyo.

Miji mikubwa iliuacha mtindo huu katikati ya karne ya 19. Pampu ya mkono ilihitaji makumi ya wanaume wa kuisukuma kwa zamu, na walichoka baada ya dakika chache. Kwa kuwa kila kikosi kilikuwa na watu wengi na fahari nyingi, mashindano ya nani kafika wa kwanza yaligeuka ugomvi, na zilitokea ngumi barabarani huku nyumba ikiendelea kuwaka. Kisha ikaja pampu ya mvuke, ambayo mafundi wachache na farasi walitosha kuiendesha. Cincinnati ilianzisha kikosi cha mshahara chenye pampu ya mvuke mwaka 1853, New York ikafuata 1865, na Philadelphia yenyewe 1871. Makampuni ya bima yaliyasukuma sana mabadiliko hayo.

Kijijini hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Mji wenye watu laki kadhaa una moto karibu kila siku, kwa hiyo anayelipwa ana kazi. Mji wa watu mia nane huenda ukapata moto mkubwa mara chache kwa mwaka, na kodi yake yote haiwezi kuwalipa watu sita wakae wakisubiri usiku na mchana. Kutegemea kituo kilicho maili thelathini nako hakusaidii, maana fimbo ya mbali haiui nyoka. Kujitolea kulibaki mashambani kwa sababu ya umbali na uchache wa fedha. Nalisisitiza hili kwa kuwa historia nyingi za vikosi huanza na sifa za mioyo mizuri ya wanakijiji, na msomaji hamalizi akiwa ameelewa kwa nini kikosi kilihitajika mahali pale.

Hatari ya moto wenyewe ilikuwa inajulikana. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago na kuua watu wapatao 300. Usiku uleule moto wa misitu uliukumba mji wa Peshtigo, Wisconsin, na vijiji vya jirani, ukaua zaidi ya 1,000. Wengi wameisikia Chicago. Peshtigo, uliokuwa mji mdogo wa mbao katikati ya msitu mkavu, hutajwa mara chache.

Sasa utafute mkutano wa kwanza katika daftari lako, kisha urudi nyuma miezi michache kwenye gazeti la eneo hilo. Mara nyingi utakuta kitu kimeungua: shule, kanisa, au safu ya maduka ya mbao. Pia chunguza kama mji uliwahi kuchorwa katika ramani za Sanborn, zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni ya bima na kuhusisha miji ipatayo 12,000. Maktaba ya Bunge la Marekani imezihifadhi nyingi, na kwenye karatasi ya kwanza mchoraji mara nyingi aliandika kwa kifupi maji yanatoka wapi, kikosi kina watu wangapi na kina pampu gani. Ukipata maneno hayo kuhusu mji wako kabla na baada ya kuanzishwa kikosi, umepata sura nzima.

Miaka ya 1920 ilifungua pia njia ambayo awali haikuwepo. Gari la Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, liliwapa watu wa mashambani chasisi ya bei nafuu ambayo fundi yeyote aliweza kuitengeneza. Juu yake yalifungwa matangi ya kemikali: maji yaliyochanganywa na baikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia keki, na chombo cha asidi ya salfuriki pembeni. Asidi ikimwagwa ndani, gesi ya kaboni dioksidi inafumka na kuyasukuma maji nje kwa nguvu bila pampu. Maji yenyewe yalikuwa machache, lakini yalitoka mara moja, na moto unaokutwa ukiwa bado mdogo hauhitaji mengi. Katibu akiandika kwamba wamenunua asidi na soda, usiruke mstari huo. Bila vitu hivyo viwili gari lilikuwa mzigo tu.

Nikija kwenye maji, hapa ningekushauri uandike kwa urefu, kwa sababu ndipo zimamoto ya kijijini inapotofautiana kabisa na ya mjini. Mjini mzima moto hufungua bomba kando ya barabara, na maji huja yenyewe. Shambani hakuna bomba. Kuna bwawa la mifugo, mto, kisima, na yale uliyobeba. Mpira mmoja mdogo wa kumwagia maji hutoa takriban lita 400 kwa dakika, kwa hiyo lori lenye lita 4,000 linakauka kwa dakika 10. Na lita 4,000 zina uzito wa tani 4, juu ya madaraja ya mbao na barabara za udongo.

Kwa hiyo ustadi wa wazima moto wa mashambani ni ustadi wa kusafirisha maji. Hapo zamani walipanga mstari wa watu kutoka kisimani, ndoo zikipokezanwa kwa mkono. Baadaye walijifunza kushusha bomba gumu bwawani na kufyonza maji kwa pampu. Hata hapo maumbile yameweka mpaka: kinachoyapandisha maji ni kani ya hewa ya nje, ambayo kinadharia haivuki mita 10 na kidogo, na kwa pampu halisi ni kama mita 7 hivi. Gari likisimama juu ya ukingo mrefu kupita kiasi, injini inguruma itakavyo, maji hayapandi. Siku hizi hufungua birika la turubai karibu na nyumba inayoungua, boza la kwanza linamwaga maji humo na kuondoka, la pili linafika, la tatu liko njiani, na pampu inanyonya kwenye birika bila kukatika. Ukiona katibu ameandika kwamba wameomba ruhusa ya mkulima kutumia bwawa lake, au wamejenga njia ya changarawe hadi mtoni, hiyo ni habari kubwa kuliko gari jipya. Chora ramani ya mabwawa hayo na uiweke kwenye kitabu chako.

Hesabu hiyo ya maji inaeleza pia ile mistari mifupi inayokusumbua. “Nyumba imeteketea, ghala limeokolewa.” Kwa msomaji wa leo ni habari ya kushindwa. Kwa watu walioitwa kwa kengele, wakaendesha maili sita na kukuta paa limeshaanguka, ghala lililojaa nyasi kavu na chakula cha ng'ombe cha msimu mzima lilikuwa ushindi halali, na mwenye shamba alilijua hilo. Tafadhali waeleze wasomaji wako hivyo.

Hakuna kikosi cha kijijini kinachojitosheleza, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa utaanza kuona majina ya miji ya jirani. Hiyo ni mikataba ya kusaidiana. Inaonekana jambo rahisi, lakini ilibidi kwanza mipira iungane. Baltimore ilipoungua Februari 1904, na majengo zaidi ya 1,500 yakateketea, vikosi vilikuja hadi kutoka New York, vingine vikasimama bila kazi kwa sababu meno ya viungio vya mipira yao hayakulingana na mabomba ya Baltimore. Mwaka uliofuata kipimo kimoja cha taifa kiliafikiwa, ila kukubalika kwake mashinani kulichukua miongo. Kwa hiyo daftari likisema wamelipia vifaa vya kugeuza meno ya viungio, jua kwamba siku hiyo ndipo msaada wa jirani ulipoanza kuwa na maana.

Kengele uliyokabidhiwa nayo ina mahali pake. Sehemu nyingine walitundika bangili ya chuma ya gurudumu la treni wakaipiga kwa nyundo. Simu ilipoenea, wakulima walichangia waya mmoja kaya nyingi, na mlio mrefu usiokatika ulimaanisha kila mtu anyanyue kipokezi. King'ora cha umeme kilichelewa kwa sababu umeme wenyewe ulichelewa: katikati ya miaka ya 1930 ni kama shamba moja tu kati ya kumi lililokuwa nao, mpaka serikali ilipoanza kukopesha vyama vya ushirika vijenge nyaya. Baadaye vikosi vingi viliweka simu ya moto katika nyumba kadhaa, zikilia zote kwa pamoja. Na aliyekuwa nyumbani mchana kuijibu ni nani? Ni mke wa mzima moto. Yeye ndiye aliyeuliza moto uko wapi, akawasha king'ora, akabaki kwenye redio mpaka gari lirudi. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi bila kuandikwa kwenye orodha ya wanachama. Namba 911 ilipigwa kwa mara ya kwanza Haleyville, Alabama, tarehe 16 Februari 1968, na mashambani ilifika taratibu sana. Katika maeneo mengi, kabla ya hapo, kituo cha mawasiliano kilikuwa jikoni kwa mtu.

Wanawake haohao ndio waliosimamia fedha nyingi kupitia chama chao cha msaada: chakula cha jioni, minada ya keki, bahati nasibu na hizo dansi zako. Dansi moja ingeweza kulipia mpira mpya. Ukijumlisha mapato ya dansi yote ya miaka ya 1930, ulinganishe na deni la gari lililoandikwa kurasa zilezile. Nadhani utaandika sura nzima juu ya hilo.

Suala la nani analipa halijawahi kutulia. Kuna vikosi vilivyoishi kwa michango tupu, vingine kwa ada ya mwaka ya kila kaya, na vingine hatimaye vikapata wilaya ya zimamoto kisheria, inayotoza kodi ndogo kwenye mali isiyohamishika. Bima ndiyo iliyowashawishi wengi wakubali kodi hiyo. Makampuni ya bima hupanga maeneo katika madaraja 1 hadi 10, na daraja la 10 maana yake ulinzi hautambuliki. Kwa kawaida nyumba iliyo zaidi ya maili 5 kutoka kituo chochote huangukia humo, na mwenye nyumba hulipa bima ghali au anakosa kabisa. Ndiyo maana utaona vituo vidogo vya pili na vya tatu vikijengwa njia panda zisizo na duka wala posta.

Mtindo wa ada una kovu lake. Mwaka 2010 katika kaunti ya Obion, Tennessee, nyumba iliyokuwa nje ya mpaka wa mji iliachwa iungue kwa sababu ada ya dola 75 haikuwa imelipwa. Wazima moto walifika, wakasimama, wakalinda shamba la jirani aliyelipa. Waliotetea uamuzi huo walisema hakuna atakayelipa kabla ya moto kama anajua atahudumiwa hata asipolipa. Hoja yao naielewa, na sikubaliani nayo. Kikosi kinaweza kumdai mtu baada ya moto. Majirani wakishaona nyumba ikiachwa hivyo, imani yao kwa kikosi hairudi kwa risiti. Ikiwa kikosi chako kiliwahi kuwa na ada, soma kwa makini walivyojadili hali ya asiyelipa. Hoja hizo zilikuwepo tangu zamani.

Vita vya Pili vya Dunia nitavipitia haraka. Vijana walikwenda jeshini, nafasi zao zikashikwa na wazee, wanafunzi na mahali pengine wanawake, na serikali ikagawa pampu za kukokotwa kwa ajili ya ulinzi wa raia. Vita vilipokwisha, malori ya jeshi yaliyobaki yakawa maboza ya vijijini, na mpango wa kukopesha mali ya ziada ya serikali kwa vikosi vya mashambani kupitia Idara ya Misitu unaendelea hadi leo.

Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 utaona kazi yenyewe ikibadilika. Ajali za barabarani zinaingia, kisha wagonjwa wa moyo, kisha wazee walioanguka. Leo zaidi ya nusu ya miito ya zimamoto Marekani ni ya kitabibu. Wakati huohuo mafunzo yanaongezeka, na kwa haki: fanicha za povu za siku hizi huweza kukifanya chumba chote kilipuke kwa moto ndani ya dakika 5, wakati zile za zamani za mbao na pamba zilichukua karibu nusu saa. Cheti cha kwanza mara nyingi hudai saa zaidi ya 100 za mafunzo. Sheria ya 1976 iliyowapa fidia familia za maofisa wa usalama waliokufa kazini iliwajumuisha wa kujitolea, na hapo serikali ilikiri kwamba hatari haiulizi kama mtu analipwa.

Watu ndio wamepungua. Takwimu za shirika la taifa la kinga dhidi ya moto zilihesabu wazima moto wa kujitolea wapatao 897,750 mwaka 1984, na 676,900 mwaka 2020, huku miito ikiongezeka karibu mara tatu. Mkulima na mwenye duka waliokuwa jirani na kituo mchana wamekuwa wachache, na anayeishi kijijini sasa hufanya kazi mji mwingine. Kipimo cha taifa cha vikosi vya kujitolea, kilichotolewa 2001, kinataka maeneo ya mashambani yafikishe watu 6 ndani ya dakika 14 katika asilimia 80 ya miito. Hesabu mahudhurio ya mchana ya kikosi chako katika miaka kumi ya karibuni uone kama mnafikia. Jibu lolote utakalolipata ni sehemu ya historia, hata kama wakubwa wako wangependa usiliandike.

Usidhani jambo hili ni la Marekani peke yake. Chile imekuwa na wazima moto wa kujitolea tangu Valparaíso mwaka 1851, na hadi leo hata mji mkuu wake Santiago unalindwa na hao. Ujerumani ina wapatao milioni moja. Jimbo la Victoria nchini Australia liliunganisha vikosi vyake vya mashambani mwaka 1945, baada ya moto wa 1939 kuua watu 71. Ukitaja hayo kwa aya moja, msomaji wako ataona kwamba kituo chenu kina ndugu wengi.

Kuhusu kazi yenyewe, piga picha kila ukurasa wa daftari kabla hujaanza kuandika, maana wino wa zamani unafifia. Katika ofisi ya jimbo inayosajili vyama, omba nakala ya hati ya kuandikishwa kikosi. Humo mna majina ya waasisi na lengo walilojiandikia. Majina ya waliotozwa faini usiyachapishe bila kuzungumza na wajukuu wao. Na kabla ya yote hayo, wiki hii, uliza ni nani kati ya akina mama wazee hapo mjini aliyekuwa na simu ya moto nyumbani kwake. Nenda na kinasa sauti, umwombe akuonyeshe ukutani ilipokuwa.